Bwawa la Perege na Kamati ya Kuonja

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Mnatafuna nini huko? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa mko hai. Katika hadithi hii mna maneno mawili, na hayo maneno ni yenu. Nikinyanyua mkono, semeni wote: Mmoja tu! Tujaribu.

Mmoja tu!

Vizuri. Kabla hatujafika mwisho mtakuwa mmeyachoka, kama alivyoyachoka Bi Kulastara.

Hapo zamani za kale, mahali mto unapoingia baharini, penye mikoko na tope jeusi, aliishi Bi Kulastara. Kulastara ni ndege wa majini. Shingo ndefu, miguu mirefu, mdomo kama msumari. Husimama majini kimya, kimya, kimya, mpaka samaki amsahau. Halafu, chap! Kwisha.

Alikuwa na jirani wanne. Wa kwanza Fisimaji, aliyekuwa mwenyekiti kwa sababu alipenda kuitwa mwenyekiti. Wa pili Kenge, mwenye mkia mrefu na ulimi mrefu kuliko mkia. Wa tatu Mama Nguchiro, mwenye watoto wengi na wakwe wengi zaidi. Wa nne Mzee Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, mfuko wa kuchukua ndoo nzima ya maji.

Zamani, bahari ya pale ilikuwa na samaki. Wanyama wakavua. Wakavua wakubwa, wakaisha. Wakavua wa kati, wakaisha. Wakaingia kwenye mizizi ya mikoko, mahali vichanga vya samaki hulelewa, wakavizoa hata vile vya ukubwa wa kucha. Navyo vikaisha.

Ikaja kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka. Bahari ikachafuka. Maji yakawa kama yaliyofuliwa nguo, huoni hata mguu wako mwenyewe. Miezi mitatu.

Mwaka ule Bi Kulastara alikuwa na vifaranga vitatu. Kusi ilipoisha alikuwa na kimoja.

Hakulia mbele za watu. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Lakini kila akirudi kiotani aliziona zile nafasi mbili, na kila akiziona alikunja shingo.

Bahari ilipotulia akawaita jirani. Akasema, "Bahari tumeila. Mikoko tumeila. Kusi itarudi, maana hairuki mwaka. Tutakula nini?"



"Tuchimbe bwawa," akajijibu mwenyewe. "Hapa, nyuma ya mikoko. Tutie perege. Tusiwaguse mpaka kusi ije. Na kule mizizini tusiguse vichanga tena, tuviache vikue viende baharini. Kwa sasa tule kaa, tule konokono, tule samaki wa mwambani aliyekwisha kukomaa, tukimpata. Kusi ikija, tufungue bwawa."

"Naafiki," akasema Fisimaji. "Nilikuwa karibu kulisema hilo mimi mwenyewe."

Wakachimba. Kenge akachimba kwa kucha, kwaru, kwaru, kwaru. Mama Nguchiro na wanawe wakasomba tope. Fisimaji akaziba mlango wa maji kwa matawi makavu, kisha akasimama mbele yake ili watu waone nani kauziba. Mzee Mwari akatumwa mtoni kuleta perege wakubwa, wazima, ndani ya mfuko wake.

Safari ya kwanza alibeba kumi. Wakafika tisa.

"Wa kumi yuko wapi?" akauliza Bi Kulastara.

"Nilipiga chafya, mwanangu."

"Mzee Mwari, mtu akipiga chafya vitu hutoka. Haviingii!"

"Uzee huo," akasema Mwari. "Kila kitu kinakwenda kinyume."

Akaenda tena, na tena, na tena. Akapiga chafya nyingi. Lakini bwawa likajaa. Perege wakazunguka humo, migongo myeusi, mikia inapepea.

"Sasa nani atalinda?" akauliza Fisimaji.

Wote wakamgeukia Bi Kulastara.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe si unasimama tu," akasema Kenge. "Kusimama kwako si kazi."

Bi Kulastara akavuta pumzi ndefu. Shingo yake ni ndefu, kwa hiyo pumzi ile ilichukua muda. Akasema, "Haya. Nitalinda. Lakini hakuna wa kumgusa samaki. Si mmoja, si nusu."

Wote wakasema, "Hakuna!"

Akaanza kusimama. Asubuhi amesimama. Mchana amesimama. Jua la utosini, amesimama.

Siku ya kumi akaja Mama Nguchiro, anatembea upande upande, anatazama pembeni.

"Hodi, dada."

"Karibu. Mkononi umeshika nini?"

"Kikapu tu. Dada, nimepata mgeni. Mkwe wangu, mama yake baba watoto. Ametoka mbali, ng'ambo ya mto. Sasa mkwe nimwekee nini mbele? Kaa?"

"Kaa ni chakula."

"Dada! Mkwe umwekee kaa? Aende kwao aseme nimemlisha kitu kinachotembea kwa ubavu? Nionee huruma. Nataka..."

Semeni.

Mmoja tu!

Bi Kulastara akamwangalia. Mkwe ni mkwe. Naye alikuwa na mkwe. Akageuza uso upande wa bahari. Nyuma yake akasikia, chubwi! Mama Nguchiro akaenda zake. Siku ile alichagua perege mkubwa kuliko wote, kwani mkwe hapewi mdogo.

Siku ya kumi na tatu akaja Mzee Mwari. "Kifua, mwanangu. Kifua kinanibana. Mganga amesema mchuzi wa perege."

"Mganga gani?"

"Ameshaondoka. Lakini aliagiza kabisa, si wengi."

Mmoja tu!

Chubwi!

Siku ya kumi na tano mkwe wa Mama Nguchiro alikuwa anaondoka, hawezi kuondoka na njaa. Mmoja tu! Chubwi! Siku ya kumi na nane alikuwa amerudi, kasahau kitambaa. Mmoja tu! Chubwi! Siku ya ishirini mtoto wa Mama Nguchiro alikuwa ameota samaki, na mtoto akiota kitu asipopewa huugua.

Mmoja tu!

Chubwi!

Halafu akaja Kenge. Kenge hakubisha hodi. Kenge alikuja anatembea katikati ya njia, kama mwenye shamba.

"Nimekuja kukagua," akasema.

"Kukagua nini?"

"Samaki. Tutajuaje kama wanakua? Tutajuaje kama wana ladha? Kwani nyumbani kwako mchuzi hauonjwi kabla haujapakuliwa? Huonjwa! Chumvi ikizidi, ikipungua, mtu hujua kwa kuonja. Hii si kula, Bi Kulastara. Kula ni jambo lingine. Mimi naonja."

"Utaonja na mkia?"

"Nitaonja mpaka nijue."

Akaingia majini. Chubwi! Akatoka na perege mnene mdomoni, akamtikisa, pa! pa! pa!

Hapo Bi Kulastara akaona kitu. Samaki yule alipotikiswa, mdomo wake ulifunguka, na ndani ya mdomo vikadondoka vitu vidogo. Vingi. Vidogo kama chembe za ulezi. Vikaanguka kwenye tope. Bi Kulastara akainamisha shingo, akatazama. Kila chembe ilikuwa na macho mawili.

Ilikuwa inacheza.

Watoto wa perege. Mama yao alikuwa amewaficha mdomoni, kama perege wote wanavyolea.

Maisha yake yote Bi Kulastara alikuwa amekula perege. Alikuwa amewameza wazima wazima, kichwa mbele. Hakuwahi kufungua mdomo wa hata mmoja.

"Kenge," akasema taratibu, "huyo alikuwa na watoto mdomoni."

"Funza hao," akasema Kenge, huku anajilamba. "Ladha nzuri. Ila nadhani bado kidogo. Nitakuja tena kesho kutwa kuhakikisha."

Bi Kulastara akaruka, moja kwa moja mpaka kwa mwenyekiti. Akamkuta Fisimaji amelala chali juu ya jiwe, anachokonoa meno.

"Mwenyekiti, unachokonoa meno kwa nini?"

"Kwa kijiti."

"Hicho ni mwiba wa perege."

Fisimaji akakitazama kile kijiti kama mtu aliyekutana nacho siku hiyo. "Loo," akasema. "Kimefikaje hapa?" Kisha akakaa vizuri. "Lakini usiwe mgumu, Bi Kulastara. Bwawa lote lile! Mtu kachukua..."

Mmoja tu!

"Kila mtu kachukua mmoja tu!" Bi Kulastara akapiga kelele, kraak! "Kila mtu! Kila siku! Na hao mnaowachukua ni mama, maana mnachagua wakubwa, na midomoni mwao mna watoto!"

"Hili ni jambo zito," akasema Fisimaji. "Nitaitisha kikao."

Akaitisha kikao. Wakaja wote. Bi Kulastara akaeleza, neno kwa neno, alichokiona. Kenge akacheka mpaka mkia ukapiga chini.

"Samaki wana samaki mdomoni! Leo samaki mdomoni, kesho atatuambia Mzee Mwari ana mwari mfukoni!"

"Sina," akasema Mzee Mwari. "Nimeangalia."

Wakacheka, hi hi hi, ha ha ha. Bi Kulastara akangoja wamalize. Walichelewa kumaliza.

Mwenyekiti akakohoa. "Ndugu zangu, kumetokea kuonja kiholela. Hilo si zuri. Kuanzia leo kuonja kuwe na utaratibu. Naunda Kamati ya Kuonja."

"Na wajumbe?" akauliza Mama Nguchiro.

"Wajumbe ni Kenge, wewe, Mzee Mwari na mimi mwenyekiti."

"Hao si ndio haohao!" akasema Bi Kulastara.

"Ndiyo," akasema Fisimaji. "Wana uzoefu."

Basi. Mnamsikia Bi Kulastara anavyovuta pumzi? Vuteni naye. Mimi mwenyewe nikifika hapa huwa nashindwa kuendelea.

Kamati ikaonja. Ikaonja Jumatatu, kwa kuwa wiki imeanza. Ikaonja Ijumaa, kwa kuwa wiki inakwisha. Walipotofautiana kuhusu ladha, wakaonja tena wapate kuelewana. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Na kila mjumbe akiulizwa, jibu lake lilikuwa nini?

Mmoja tu!

Siku zikaenda. Bi Kulastara akataga mayai matatu, akaatamia kwa zamu na mumewe. Sasa akisimama bwawani aliona maji zaidi ya samaki. Mwanzoni ungetia mguu ukamkanyaga perege. Sasa ungetia mguu ukakanyaga tope. Na upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Kusi ilikuwa imebakiza mwezi mmoja ifike.

Jioni moja mumewe akamwambia, "Mke wangu, umekonda. Unaatamia, unalinda, huli. Wao wote wanaonja. Na wewe ndiye mlinzi. Chukua basi..."

Msiseme! Sijanyanyua mkono. Hapo hakumaliza, maana Bi Kulastara alimtazama. Kama hujawahi kutazamwa na kulastara kwa karibu, na ule mdomo, omba usitazamwe.

"Nikichukua huyo," akasema, "kesho nitalinda nini?"

Lakini njaa aliisikia. Na mayai aliyasikia chini ya kifua chake, yanagonga kidogo, tik, tik. Akawaza zile nafasi mbili. Akawaza mpaka hasira ikapoa, na ilipopoa akapata akili.

Asubuhi akaenda kwa Fisimaji. "Mwenyekiti, nimekubali. Kamati ionje."

Fisimaji akashtuka. "Umekubali?"

"Nimekubali. Leo, wote pamoja, mchana kweupe. Nina sharti moja. Mtu akimkamata samaki asimmeze. Asimame naye ndani ya maji, kina cha goti, mbele ya wenzake. Amfungue mdomo kwanza. Akishamfungua mdomo, afanye atakavyo."

"Kina cha goti la nani?" akauliza Kenge. "Goti lako ni shingo yangu."

"La kwako, Kenge. La kwako."

Wakaona sharti jepesi. Wakaingia. Chubwi, chubwi, chubwi! Wakatafuta. Wakatafuta tena. Mzee Mwari akachota maji, akamwaga, akachota, akamwaga. Mama Nguchiro akapapasa ukingoni. Walitafuta mpaka jua likapanda juu, na wakaanza kutazamana kwa wasiwasi.

"Mbona hawapo?" akasema Fisimaji.

"Wamejificha," akasema Kenge.

Mwisho wakapata wanne. Mmoja kila mjumbe. Wakasimama majini, wamewashika, wanahema.

"Mwenyekiti," akasema Bi Kulastara. "Fungua."

Fisimaji akamshika perege wake ndani ya maji, akambonyeza mashavu kidogo. Mdomo ukafunguka. Pwaa! Wingu dogo likatoka. Chembe, chembe, chembe, kila chembe na macho mawili. Likatanda kwenye vidole vya Fisimaji. Fisimaji akaganda.

Kisha lile wingu likageuka. Watoto wote, kwa pamoja, wakakimbilia mdomo wa mama yao, hukohuko mikononi mwa Fisimaji, wakaingia. Mama akafunga mdomo.

"Wamerudi," akasema Fisimaji kwa sauti ndogo. "Nimemshika, na bado wamerudi."

Mama Nguchiro akamfungua wa kwake. Pwaa! Wingu. Mama Nguchiro akatazama, mdomo wazi. Yeye, maji yakipanda au nyoka akija, huwabeba wanawe kwa mdomo, mmoja mmoja, mpaka mahali salama. Wote waliwahi kumwona.

"Kumbe wewe ni kama mimi," akamwambia samaki.

Akamwachia. Akatoka majini, akakaa ukingoni, akajifunika uso. "Yule wa mkwe," akasema. "Yule mkubwa wa mkwe."

Mzee Mwari alifungua mfuko tu, akamwachia wa kwake bila hata kumfungua mdomo. Akasema, "Zile chafya..."

Akabaki Kenge. Akamfungua perege wake. Akachungulia kwa jicho la kulia. Akachungulia kwa jicho la kushoto. "Wangu hana kitu!" akapaza sauti. "Huyu dume! Mtupu kabisa! Basi huyu naweza ku..."

"KENGE!"

Walipiga kelele wote, hata mwenyekiti, hata mkwe wa Mama Nguchiro aliyekuwa amekuja tena.

"Nilikuwa nauliza tu," akasema Kenge. Akamwachia.

Kamati ya Kuonja ikavunjwa palepale, ndani ya maji.

Sasa nisiwadanganye. Hawakushiba mwaka ule. Mwezi mmoja hautoshi kukuza samaki wa miezi. Kusi ilipokuja bwawa lilikuwa na wadogo wengi na wakubwa wa kuhesabika kwa vidole. Wakapanga siku. Wakapanga zamu. Nyumba yenye vichanga ikapewa kwanza, na samaki akachaguliwa na Bi Kulastara mwenyewe, baada ya kumfungua mdomo. Siku nyingine wakala kaa, wakala konokono, wakala kaa tena. Mkwe alipokuja akawekewa kaa. Alinung'unika. Lakini alirudi.

Mayai ya Bi Kulastara yalianguliwa yote matatu. Yule mdogo hakuuona mwisho wa kusi. Wawili wakaruka. Mama Nguchiro alipanda mpaka karibu na kiota, amemshika kaa mdomoni, akamweka hapo, akashuka. Bi Kulastara akampokea kaa, akawagawia wanawe. Wakaelewana hivyo.

Mwaka wa pili hakuna aliyeonja. Kenge alipita mara mbili, akasimama, akameza mate, akapita. Kule kwenye mizizi ya mikoko vichanga vya baharini vikarudi, vikakua, vikatoka kwenda mwambani. Bwawani perege wakajaa, wakubwa kwa wadogo, ukitia mguu unamkanyaga. Na kiotani kwa Bi Kulastara mlikuwa na vifaranga vitatu.

Kusi ikavuma. Bahari ikachafuka. Wakaja wote bwawani siku ya kufungua. Mwenyekiti akahutubia kwa muda mrefu, hakuna anayekumbuka alisema nini. Alipomaliza, Kenge akainama kwa heshima, akasema:

"Bi Kulastara, wewe ndiye mlinzi. Hebu onja wewe kwanza, utuambie kama wamekomaa."

Bi Kulastara akamtazama. Akaitazama bahari iliyochafuka. Akawatazama wanawe watatu juu ya mti, midomo wazi, kraak, kraak, kraak.

"Mimi sionji," akasema. "Mimi nimekuja kula."

Chap!

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Kitu cha wote hakimalizwi na mwizi mmoja mkubwa. Humalizwa na watu wazuri, wenye mgeni, wenye kifua, wenye mtoto aliyeota, kila mmoja akichukua kidogo na kujisamehe. Bahari iachieni vichanga vyake. Bwawa liachieni mama zake. Na mkiweka siku ya kula, ingojeni siku hiyo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mmeila nzima, hamkuionja. Na wewe wa nyuma, fungua mdomo tuone unatafuna nini.